Uwanja wa mpira wa Wallacedene: mawakili, nyumba na watu wasio na karatasi

Juma lililopita, kipindi chetu cha asubuhi kilipokwisha, mama mmoja anayeishi katika kambi ya wahami alinipigia simu. Hakutaka sauti yake ipite hewani. Aliniambia: Mwanangu, nyumba yangu inakaliwa na mtu mwingine, na karatasi ziliungua siku ile tulipokimbia. Avoka anaomba pesa za kufungua faili, nami sina. Je, kuna mahali popote ambapo mtu asiye na karatasi wala pesa alikwenda mbele ya jaji kwa ajili ya pa kulala, na jaji akamsikiliza?

Nikajibu haraka: ndiyo, mama, yupo. Kisha yuniti zikaisha na simu ikakatika. Nilipobaki peke yangu studio nikaona kwamba lile "ndiyo" lilikuwa fupi mno. Aliyekuwa akilini mwangu ni mama mmoja wa Afrika Kusini, Irene Grootboom. Alishinda kweli, katika mahakama ya juu kabisa ya nchi yake, na hukumu yake inasomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria ulimwenguni. Ila habari yake haiishii kwenye kushinda. Nimeamua kuiandika yote hapa, kwa mama yule na kwa wengine wanaouliza swali kama lake.

Tuanze na mawakili wenyewe, maana bila wao habari hii haieleweki. Hapa kwetu tunao avoka, na tunao watetezi wa mahakama wanaosimama katika tribinali za chini. Afrika Kusini walirithi desturi ya Waingereza ya kugawa kazi hiyo mara mbili. Kuna wakili wa ofisi, ambaye mteja humwendea kwanza: anapokea malalamiko, anakusanya ushahidi, anaandika barua. Halafu kuna wakili wa kusimama mbele ya jaji na kujenga hoja, mwenye joho jeusi, ambaye kwa desturi mteja hamfikii ila kwa kupitia yule wa kwanza. Huyu wa pili kwa Kiafrikana anaitwa advokaat. Neno letu avoka ni ndugu yake.

Unaona mara moja tatizo la maskini. Ukitaka kutetea kibanda chako mbele ya jaji mkuu unahitaji watu wawili wa kulipwa. Na kwa miaka mingi mawakili wakubwa wa mali na ardhi walifanya kazi ya wenye mali na ardhi, kwa sababu hao ndio walioweza kulipa.

Na sheria yenyewe ilikuwa upande mmoja. Mwaka 1913 ilipitishwa sheria ya ardhi iliyowaachia Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, karibu asilimia 7 ya nchi. Mwaka 1936 ikaongezwa hadi karibu asilimia 13. Sheria ya miji ya mwaka 1945, baada ya kurekebishwa mwaka 1952, ikaweka kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa 72 ila awe na haki iliyoandikwa kwenye kitabu chake cha kutembelea. Mwaka 1950 ikaja ile ya kugawa mitaa kwa rangi za watu. Mjini Cape Town mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa Wazungu tarehe 11 Februari 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa miaka iliyofuata, nyumba zao zikabomolewa nyuma yao. Kwa wale waliojenga vibanda pembeni mwa miji kulikuwa na sheria ya mwaka 1951 dhidi ya wavamizi wa viwanja. Ilirekebishwa mara kadhaa, hata ikafika kwamba kibanda kinaweza kubomolewa bila jaji kuulizwa lolote.

Katika hali hiyo wakili angefanya nini? Wengi walisema hakuna. Arthur Chaskalson alifikiri tofauti. Alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, miaka ya 1963 na 1964. Baadaye alikuwa wakili mwenye jina kubwa na kipato kizuri mjini Johannesburg. Akaacha kazi hiyo, na mwaka 1979, pamoja na Felicia Kentridge na wakili kijana Geoff Budlender, wakafungua ofisi iitwayo Legal Resources Centre, ya kuwatetea bure watu wasioweza kulipa.

Kesi moja ya mwanzo ilihusu familia ya Komani wa Guguletu, kitongoji cha Cape Town. Bwana Komani alikuwa na haki ya kukaa mjini. Mke wake, Nonceba, alipokuja kuishi naye alipewa ruhusa ya muda, kisha akaambiwa arudi alikotoka. Sheria ilisema mke wa mtu mwenye haki anaweza kukaa naye. Lakini maofisa walikuwa wametunga kanuni juu ya sheria: kila anayelala katika nyumba ya kitongoji lazima awe na kibali cha mpangaji. Kibali kilitolewa na maofisa haohao, nao hawakukitoa. Kwa hiyo haki ilikuwepo kwenye kitabu, na mlango ukafungwa kwa karatasi nyingine ndogo.

Msikilizaji, mambo haya ya karatasi ndogo inayofunga mlango wa sheria kubwa tunayajua, sivyo? Chaskalson hakwenda mbele ya majaji kusema kwamba ubaguzi ni dhambi. Wale majaji walikuwa wa utawala wa ubaguzi, wasingemsikiliza. Alishika kanuni ile ya kibali na kuonyesha kwamba ofisa hana mamlaka ya kuondoa kwa kanuni kile ambacho sheria yenyewe imekitoa. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilikubali, na Bibi Komani akabaki na mume wake. Mwaka 1983 kesi nyingine, ya mfanyakazi aitwaye Rikhoto, ilifungulia wafanyakazi wengi njia ya kukaa mjini kwa kudumu. Mwaka 1986 serikali ikafuta sheria hizo za vitabu vya kutembelea.

Nimekaa kidogo kwenye kesi ya Komani kwa sababu ndiyo inayonionyesha kazi ya wakili wa nyumba ilivyo: kusoma karatasi ile inayokuzuia mpaka aone ilipopita mpaka wake. Hotuba kubwa haina nafasi hapo.

Baadaye nchi ikageuka. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1994 na serikali mpya ikaahidi nyumba milioni moja kwa miaka 5. Katiba mpya ilianza kutumika Februari 1997. Kifungu chake cha 26 kina sehemu tatu, na naomba uzishike, kwa sababu kila neno lilibishaniwa. Kwanza, kila mtu ana haki ya kufikia makazi ya kufaa. Pili, serikali ichukue hatua za busara, kwa uwezo ilio nao, ili haki hiyo itimizwe hatua kwa hatua. Tatu, hakuna mtu atakayetolewa nyumbani mwake, wala nyumba yake kubomolewa, bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia hali yote. Mwaka 1998 ile sheria ya wavamizi ya 1951 ikafutwa, mahali pake ikawekwa nyingine inayomlazimu jaji kuuliza: kuna watoto, wazee, walemavu, wanawake wanaoongoza nyumba? Watakwenda wapi?

Sasa tufike Wallacedene.

Wallacedene iko pembeni mwa Cape Town, upande wa Kraaifontein. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa pa vibanda. Hukumu ya baadaye inaeleza hali ilivyokuwa: robo ya familia hawakuwa na kipato chochote, na zaidi ya theluthi mbili walipata chini ya randi 500 kwa mwezi. Maji ya bomba hapakuwa, wala choo cha kufaa, wala gari la takataka. Vibanda vyenye umeme vilikuwa asilimia 5 tu. Sehemu moja ilikuwa inajaa maji. Irene Grootboom aliishi hapo na familia yake pamoja na familia ya dada yake, wote katika kibanda kimoja chenye ukubwa wa karibu meta 20 za mraba. Alikuwa ameandikishwa kwenye orodha ya kungoja nyumba ya bei nafuu, kama majirani zake. Wengine walikuwa wamengoja miaka 7, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia zamu yao ni lini.

Mwisho wa Septemba 1998 wakachoka. Familia zikaanza kuhamia kwenye kiwanja kitupu kilicho jirani, wakakiita New Rust, maana yake mapumziko mapya. Kiwanja kilikuwa na mwenyewe, na tena kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya kujengwa nyumba za bei nafuu. Mwenye kiwanja akaenda mahakamani. Tarehe 8 Desemba 1998 akapata amri ya kuwatoa. Siku hiyo wale watu hawakuwa na wakili hata mmoja.

Hawakuondoka. Wangeenda wapi? Nafasi zao za zamani Wallacedene zilikuwa zimekwisha kujazwa na watu wengine. Machi 1999 mwenye kiwanja akarudi mahakamani, na safari hii hakimu akataka watu hawa wapate wa kuwasemea. Wakapewa wakili. Yakafanyika makubaliano kwamba watatoka, na amri ikawekwa ya kuondoka ifikapo tarehe 19 Mei. Hakimu aliona pia kwamba watu na manispaa wakae pamoja watafute mahali pengine. Manispaa haikukaa nao.

Katikati ya Mei, mwanzo wa majira ya baridi ya Cape yenye mvua na upepo, wakatolewa kwa nguvu, na gharama ikalipwa na manispaa. Mahakama ilikuja kuandika kwamba ilifanyika kabla ya wakati na bila utu, kwa namna iliyokumbusha siku za ubaguzi. Buldoza zikaangusha vibanda, vingine vikachomwa, na vyombo vikaharibika humohumo. Wengi hawakuwepo wakati huo, na waliporudi hawakuwa na cha kuokoa.

Kwa wasomaji wetu wa kambini sina haja ya kuongeza maneno hapa.

Wakaenda kwenye uwanja wa mpira wa Wallacedene, wakafunga mabashi ya plastiki juu ya chochote walichokiokota. Baada ya juma moja mvua zikaanza, na plastiki haikuzuia kitu. Jumla walikuwa watu wazima 390 na watoto 510.

Wakili wao akaiandikia manispaa barua, akiitaka iwape makazi ya muda kama katiba inavyosema. Jibu halikuridhisha. Tarehe 31 Mei 1999 wakafungua kesi ya haraka katika Mahakama Kuu ya Cape. Jaji wa kwanza aliyeipokea alitoka ofisini akaenda mwenyewe kuuona uwanja ule. Kisha akaamuru familia zenye watoto zikubaliwe kulala katika ukumbi wa watu wa Wallacedene wakati kesi inaendelea.

Hapa ndipo kazi ya mawakili ilipokuwa ngumu. Kuomba kila mtu apewe nyumba haiwezekani, jaji yeyote angeuliza nyumba hizo zitatoka wapi na watu walio kwenye orodha miaka 7 wataambiwa nini. Wakatafuta mlango mwembamba zaidi. Katiba inasema mtoto ana haki ya kupata hifadhi, na kwenye kifungu cha watoto hakuna maneno ya "kwa uwezo ilio nao" wala "hatua kwa hatua". Desemba 1999 Mahakama Kuu ilikubali hoja hiyo: watoto wapewe hifadhi, na kwa kuwa mtoto hatenganishwi na mzazi, wazazi wao nao. Mahema, vyoo vya kuhamishika na maji ya kutosha, hicho ndicho kiwango cha chini. Asiye na mtoto hakupata kitu.

Serikali ikakata rufaa katika Mahakama ya Katiba mjini Johannesburg. Rais wa mahakama hiyo alikuwa Arthur Chaskalson yuleyule. Na waliokuja kama marafiki wa mahakama, yaani watu wasio sehemu ya ugomvi lakini wanaosaidia majaji kuona jambo kwa upana, ni Tume ya Haki za Binadamu na kituo cha sheria cha chuo kikuu cha Western Cape. Wakili wao alikuwa Geoff Budlender. Aliwaambia majaji wasibaki kwenye watoto tu. Kifungu cha 26 kinamhusu kila mtu, na bibi kizee asiye na mjukuu ananyeshewa na mvua ileile.

Siku ya kusikilizwa, Mei 2000, serikali ilitoa ahadi: itawapa watu wa uwanjani eneo, vifaa vya kuzuia maji, vyoo, maji, na kuondoa takataka. Wakakubali. Miezi ikapita, vitu havikuja. Ilibidi warudi mahakamani, na tarehe 21 Septemba 2000 ikatolewa amri ya kuilazimisha manispaa kufanya ilichoahidi. Kwa hiyo kumbuka jambo hili, kwa sababu magazeti ya nje hulisahau: watu hawa walihitaji amri ya mahakama ya juu kabisa ya nchi ili wapate vyoo na bomba.

Hukumu yenyewe ilisomwa tarehe 4 Oktoba 2000. Iliandikwa na jaji Zak Yacoob kutoka Durban, ambaye ni kipofu tangu utoto wake na aliyefanya kazi ya uwakili miaka mingi kabla ya kuwa jaji. Majaji wenzake wote walikubali. Aliikataa hoja ya watoto ilivyotumiwa na Mahakama Kuu, maana ingemfanya mtoto kuwa njia ya mzazi kupata nyumba. Alikataa pia kwamba mtu akivamia kiwanja anapata haki ya kuruka orodha. Lakini alipofika kwenye mpango wa nyumba wa serikali alisema hivi, kwa maneno yangu: mpango ni mzuri, nyumba zinajengwa, pesa zinatumika, ila hauna kitu chochote kwa mtu asiye na paa leo. Unamfikiria atakayepata nyumba baada ya miaka 10 na kumsahau anayelala nje usiku huu. Mpango wa namna hiyo hauna busara, na usio na busara unavunja katiba.

Wanasheria wengine walilaumu hukumu hiyo, na mimi nadhani lawama yao ina uzito. Mahakama ilitangaza kwamba serikali imekosa na kwamba iweke mpango kwa wenye shida kubwa. Haikuweka tarehe. Haikusema kila mtu apewe nini hasa. Usimamizi ikauachia Tume ya Haki za Binadamu. Miaka 3 na zaidi ikapita kabla ya mpango wa taifa wa makazi ya dharura kuanza kazi, mwaka 2004. Miaka iliyofuata nyumba za matofali zilijengwa Wallacedene.

Irene Grootboom hakuipata yake. Alifariki mwaka 2008, kabla hajafikisha miaka 40 au karibu yake hivi, bado akiishi katika kibanda.

Nilipojifunza habari hii mara ya kwanza, katika mafunzo ya uandishi wa habari, mwalimu alituambia Grootboom ni ushindi mkubwa wa maskini. Hakututajia kifo chake. Nilikigundua mwenyewe miaka kadhaa baadaye, na nilikasirika kidogo, kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na betri.

Lakini nimeendelea kufuatilia, na ukweli ni kwamba hukumu ile ilifanya kazi kwa watu wengine. Mfano ni shamba la Modderklip, mashariki mwa Johannesburg. Mwaka 2000 watu karibu 400 waliofukuzwa kwenye vibanda vyao walihamia shambani kwa mtu. Baada ya miezi michache walikuwa 18,000, na mwishowe karibu 40,000. Mwenye shamba alipata amri ya kuwatoa, lakini mtekelezaji wa amri za mahakama akamwambia aweke kwanza dhamana ya randi milioni 1.8. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikasema: watu wabaki mpaka wapate mahali pengine, na serikali imlipe mwenye shamba, kwa sababu mzigo wa watu 40,000 haumhusu raia mmoja. Nataja kesi hiyo kwa makusudi. Baadhi ya wasikilizaji wetu ndio wenye parseli, na walipotoroka vita waliacha mashamba ambayo leo yamejaa wahami wengine waliotoroka vita vingine. Pande zote mbili zina kilio.

Kisha Johannesburg mjini, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, Yeoville, Berea na Hillbrow. Februari 2008 mahakama iliuambia mji kwamba hauwezi kuwatoa watu kwenye majumba mabovu, hata kwa sababu ya usalama wao, kabla ya kukaa nao na kuzungumza kwa kweli. Desemba 2011, katika kesi ya wapangaji 86 wa jengo la Saratoga Avenue, ikasema hata mwenye nyumba binafsi anapotaka jengo lake, mji una wajibu wa kuwatafutia makazi ya muda wale watakaobaki bila paa. Kila kesi kati ya hizo inasimama juu ya Wallacedene.

Na bado. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, katikati ya Johannesburg, liliungua, na zaidi ya watu 70 wakafa, wakiwemo wageni wengi kutoka nchi za Afrika. Jengo ni mali ya mji. Zamani, wakati wa ubaguzi, palikuwa ofisi ya vile vitabu vya kutembelea, mahali ambapo Mwafrika alipanga mstari kuambiwa kama anaruhusiwa kulala mjini au la.

Sasa kwetu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makazi yenye heshima, pamoja na maji safi na umeme, na inasema sheria itaeleza namna ya kuitumia. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali peke yake, na raia anapewa haki ya kuutumia, inayothibitishwa na sertifika ya usajili. Watu wengi wa vijijini na wa pembeni mwa miji hawana sertifika. Wana barua ya shefu, fishi ya parseli, au neno la majirani. Ukilinganisha na Afrika Kusini, kitu tunachokikosa kuandikwa wazi katika katiba ni ile sehemu ya tatu ya kifungu chao: hakuna kutolewa nyumbani bila jaji kwanza kuuliza utakwenda wapi. Hapa degerpisema inaweza kukukuta unapika.

Lakini mlango mmoja upo ambao wengi hawaujui. Sheria ya mwaka 1979 juu ya chama cha mawakili inaagiza kila baro kuwa na ofisi ya ushauri wa bure. Mtu asiye na uwezo anakwenda na cheti cha umaskini, na baro inamchagulia avoka. Sisemi kwamba kila mahali ofisi hizo zinafanya kazi vizuri. Mimi mwenyewe nilikwenda kwenye moja nikiwa na mzee wa familia yetu, tukakaa kwenye benchi asubuhi mbili bila kumwona mtu, na siku ya tatu tulimpata avoka kijana aliyesoma faili yote tukiwa tumesimama. Kesi ya mzee bado inaendelea, mwaka wa tatu sasa. Avoka yule hajatudai kitu.

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi ya kujenga ushahidi karatasi zinapoungua. Majina ya majirani wa pande nne na mahali walipo sasa. Jina la shefu wa avenyu wa wakati ule. Risiti ya maji au ya umeme, hata kama imekaa kwa ndugu. Picha ya harusi iliyopigwa mbele ya nyumba. Na tarehe, kila kitu kiwe na tarehe. Kesi ya Wallacedene iliweza kupanda mpaka juu kwa sababu ilijulikana wamefika lini, wameandikishwa lini, wamefukuzwa lini, na ni wangapi: 390 na 510.

Jana jioni nilimpigia simu mama yule nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa: Na huyo mama, nyumba aliipata? Nikamwambia hapana. Alikaa kimya kitambo, nikafikiri yuniti zimeisha tena. Halafu akauliza ofisi ya baro inafunguliwa saa ngapi.

Ijumaa hii avoka mmoja atakuwa nasi studio, saa moja na nusu asubuhi, kwa maswali ya parseli na nyumba zilizoachwa. Mwenye swali alitume kwa ujumbe mfupi, au alipeleke kwa mwakilishi wetu kambini kabla ya alhamisi jioni. Majina hayatasomwa hewani.